Fundi wa "hamna shida", mzee wa maswali, au duka la fenicha: nimpe nani kazi?

Mama yangu yuko Tukuyu na magoti yanamsumbua. Kitanda chake cha zamani kilikuwa cha chuma, kirefu kwenda juu, kukipanda ni kama kupanda Fuso. Mwaka jana nikaamua kumtengenezea kingine hapa Mbeya. Nikasimama kwenye karakana moja ya pembeni ya barabara, nikamwambia kijana fundi: "Nataka kitanda kifupi, cha nne kwa sita, mama ana magoti." Sijafunga mdomo, kashajibu: "Hamna shida, mama."

Kitanda kilipofika kilikuwa kifupi kweli. Chaga zimekaa inchi tano kutoka sakafuni, ule mtindo wa vijana wa kulala karibu na kapeti. Mama alikaa bila tabu. Kuinuka ndiyo ikawa kesi. Usiku akitaka kwenda msalani anajisogeza hadi ukingoni, anapiga magoti chini, magoti yale yale mabovu, ndipo ashike ukuta ainuke. Mdogo wangu ndiye aliyenipigia kunieleza. Mama mwenyewe kila nikiuliza alisema kitanda ni kizuri, Mungu akubariki.

Yule kijana alisikia neno "kifupi". Magoti hayakumfikia.

Tangu hapo nimenunua kitanda cha pili kwa fundi mwingine, nimezunguka maduka ya fenicha ya mjini, na sasa nimeagiza mabenchi ya mgahawa wangu. Nimeona niziweke hizi njia tatu pamoja kwa ajili ya mtu anayejiandaa kutoka na pesa yake mfukoni kutafuta kitanda, meza au kabati Mwanjelwa, Kabwe au Mafiati. Aliyeko Iringa au Makambako naye atawatambua watu hawa, majina tu ndiyo yatabadilika.

Nani ni nani

Wa kwanza nitamwita Hamna Shida. Ana mikono mizuri, hilo nisimnyime. Karakana yake ni turubai, meza mbili za kazi, na vitanda vitatu vya mfano vilivyopangwa nje vikila vumbi la bajaji. Ukimwonyesha picha kwenye simu anaitazama sekunde tatu, anasema anaweza. Namzungumzia kama mtu mmoja, lakini Mbeya ina Hamna Shida kila mtaa, na si kwenye useremala peke yake. Muulize yeyote aliyewahi kupeleka kitenge kwa fundi cherehani wiki moja kabla ya sendoff.

Wa pili ni mzee niliyeelekezwa na mteja wangu wa chakula. Karakana iko ndani ndani, nyuma ya nyumba za watu, haina kibao. Nilipofika aliniacha nimesimama mpaka akamaliza kukata ubao alioushika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Kidogo niondoke.

Wa tatu ni duka. Vioo, taa, sofa zimevishwa nailoni, dada mpole anakukaribisha ukae uonje.

Hivi ndivyo walivyokaa nilipowalinganisha kwa kitanda kile kile cha mama:

| | Hamna Shida | Mzee | Duka |
|---|---|---|---|
| Bei | 280,000, paini | 350,000 paini. 480,000 mninga | 550,000, tano kwa sita tu |
| Advansi | 200,000 papo hapo | 190,000, baada ya kuziona mbao | Unalipa yote, unapewa risiti |
| Siku aliyoahidi | "Jumamosi hii" | Wiki nne | Leo leo |
| Siku niliyopata | Baada ya wiki tano | Wiki nne na siku tatu | Sikununua |
| Safari nilizokwenda kuulizia | Saba | Hakuna | Hakuna |
| Maswali niliyoulizwa | Moja: rangi gani? | Sikuhesabu, nilichoka | Moja: keshi au kwa simu? |

Usizisome bei bila kutazama mbao. Mninga na paini si vitu vya kushindanisha. Linganisha 280,000 ya Hamna Shida na 350,000 ya mzee, zote paini, uone tofauti ya 70,000. Kisha nikwambie kilichotokea: kitanda cha Hamna Shida nilikisafirisha kwenda Tukuyu kwa 30,000, na mwishoni nikamuuzia kijana jirani wa mama kwa 150,000 kwa kuwa yeye alikipenda hivyo hivyo kilivyo chini. Nimepoteza 160,000, na hapo sijahesabu nauli za daladala wala saa nilizofunga mgahawa kwenda kumfuata.

Advansi inakwenda wapi

Nilidhani Hamna Shida ni mwongo. Safari ya nne ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake nikisubiri anieleze kwa nini Jumamosi ya tatu imepita. Akaingia baba mmoja amekasirika, kabati la binti yake halijaisha na sendoff ni kesho. Alipaza sauti mpaka wauza mahindi ya kuchoma wakageuka. Hamna Shida akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akamtuma kijana akimbie kuchukua bawaba na vanishi. Nilizitazama zile noti nikajisemea, hizo ni magoti ya mama yangu zinakwenda.

Na mimi nilimaliziwa vivyo hivyo. Wiki iliyofuata walikuja vijana wawili wachumba, wakaacha advansi ya meza ya chakula. Kesho yake asubuhi mbao za kitanda changu zikawa zimefika. Sijui wale wachumba walimaliziwa na nani.

Ndivyo inavyokwenda kwa fundi asiye na mtaji. Pesa ya mteja wa leo inamalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita, kwa hiyo hawezi kukataa kazi hata kama ana kumi mezani. Akikataa, mzunguko unakatika na wale kumi wote wanamvamia. "Jumamosi" anayokutajia hajaipata kwa kuhesabu kazi iliyoko mezani. Ni neno la kukufanya uache advansi. Na foleni yake haifuati nani alitangulia, inafuata nani anapiga kelele zaidi. Wapole tunakaa mwisho. Nilipoelewa hivyo hasira ilipungua, ila hasara ilibaki pale pale.

Mzee alinifanyia kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nilitoa pesa, akairudisha. "Sipokei leo. Njoo keshokutwa uone mbao kwanza." Nilipokwenda alikuwa ameziegemeza ukutani, kila moja imeandikwa kwa chaki: MAMA TUKUYU 4x6. Akanipa nizishike. Akagonga moja kwa kiwiko cha kidole, ikalia kavu, akagonga nyingine iliyokuwa pembeni si yangu, ikatoa sauti ya kuziba. "Hiyo bado ina maji," akasema, kisha ndipo akapokea 190,000. Ilikuwa bei ya zile mbao na ziada kidogo. Iliyobaki nilipe siku ya kuchukua.

Mbao ikishaandikwa jina la mtu, kuifanyia kabati la mtu mwingine kunahitaji moyo mgumu.

Mbao mbichi

Hapa nikae kidogo, maana ahadi nyingi za fenicha huku kwetu zinavunjikia kwenye mbao kabla hazijavunjikia mdomoni.

Paini nyingi tunayotumia inatoka upande wa Mafinga, kwenye mashine zinazopasua magogo ya shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na ya mashamba ya watu binafsi. Paini iliyotoka tu kupasuliwa inaweza kubeba maji yenye uzito kuliko ubao wenyewe ukikauka. Hayo maji lazima yatoke. Yatatoka kwenye banda, mbao zimepangwa na vijiti katikati upepo upite, au yatatoka chumbani kwako baada ya vanishi kupakwa. Yakitokea chumbani, ubao unajikunja, maungio yanafunguka, vanishi inafanya malengelenge. Mkaratusi ndio mtukutu zaidi, unapasuka na kujipinda usipokaushwa polepole. Mninga ndiyo yenye adabu, hausinyai sana, na ndiyo maana wazee wa useremala wanaupenda hata kwa bei yake.

Kiangazi, mbao za inchi moja zinakauka kwa wiki kadhaa. Masika hali inakuwa nyingine, kwa sababu kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa yenyewe ya Mbeya imejaa maji. Fundi anayekuahidi Januari kitanda cha wiki moja bila kuwa na mbao za akiba anakuahidi mbao mbichi, ajue asijue. Hamna Shida alinunua Jumanne, akaunga Alhamisi. Kitanda kilipofika Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko huku kwetu, chini ya chaga kulikuwa na mistari ya ukungu wa rangi ya bluu. Mdogo wangu alidhani ni wino.

Mzee mtaji wake umelala kwenye mbao. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana anaweza kutaja siku. Aliponiambia wiki nne alikuwa ametazama kalenda ya ukutani yenye majina matatu mbele yangu, akahesabu kwa kidole.

Kuna swali alilouliza ambalo nililiona la ajabu: "Kinakwenda wapi?" Nikajibu Tukuyu, nikadhani anataka kujua habari za usafiri. Kumbe anawaza unyevu. Akanieleza kwamba kabati linalokwenda Tukuyu mbao zake zitavimba kidogo, na lile lile likipelekwa Usangu, kule Mbarali kwenye joto kavu, litasinyaa, kwa hiyo mlango wa kabati la kwenda Mbarali ubao wake wa katikati haugandishwi kwa gundi, unaachiwa nafasi ucheze ndani ya fremu. Mimi nimeuza chakula miaka tisa, hakuna mteja niliyewahi kumuuliza chakula changu kinakwenda kuliwa wapi.

Maswali ya mzee

Nilimweleza kama nilivyomweleza yule wa kwanza: kitanda kifupi, mama ana magoti. Hakuandika kitu. Akaniuliza:

"Mama akikaa kwenye kiti gani anainuka mwenyewe bila kushikwa?"

Sikujua. Akaniambia nipige simu. Nikampigia mdogo wangu pale pale, akamuuliza mama, mama akasema kile kiti cha mbao cha jikoni. Basi mdogo wangu akakipima kwa futi ya fundi cherehani, inchi kumi na nane. Mzee akauliza godoro ni la inchi ngapi. Nane. Likikaliwa litashuka kama inchi mbili. Akachora mstari kwenye kipande cha ubao: chaga inchi kumi na mbili. Kumi na mbili na nane ni ishirini, toa mbili, kumi na nane. Kitanda cha mama kimepimwa kwa kiti cha jikoni.

Akaendelea. Upande gani anateremkia, kulia au kushoto? Ukutani au katikati ya chumba? Mlango una upana gani, kitapita kikiwa kizima au nikifanye cha kufungua? Anashika nini akiinuka? Hilo la mwisho likazaa kitu ambacho sikuagiza: nguzo ya upande wa kushoto aliiacha ndefu, akailainisha kwa msasa mpaka ikawa kama mpini wa jembe lililozoeleka. Mama anaishika hiyo.

Sasa nisimfanye malaika. Mzee anachosha. Nilitaka rangi nyeusi inayong'aa kama ya kwenye picha, akakataa katakata, akasema mninga haupakwi rangi, nikitaka cheusi niende nikanunue plastiki. Simu hapokei akiwa kazini. WhatsApp hana. Bei haishuki hata umlilie, na ukija na haraka yako anakurudisha nayo nyumbani. Mwenzangu mmoja alikwenda akitaka meza ndani ya siku kumi, akaambiwa haiwezekani, akaondoka akimwita mzee mjeuri. Alikwenda kwa Hamna Shida. Alipata baada ya wiki saba.

Halafu naye alichelewa. Ahadi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni simu ikaita, namba yake, nikajua tayari. "Mama, Ijumaa usije. Umeme ulikatika siku mbili kwenye mashine ya randa, nimebakiza kichwa cha kitanda. Jumatatu saa nne." Jumatatu saa nne kilikuwa tayari, kimefunikwa shuka kuukuu. Siku tatu zile sikuziona kama kuchelewa, kwa sababu sikupanda daladala kwenda kuambiwa.

Wiki mbili baadaye akapiga tena, safari hii bila shida yoyote. Anauliza mama anaamkaje. Nikasema vizuri, ila kuna chaga moja inalia akijigeuza. Jumamosi kijana wake alikuwa anakwenda kwao Rungwe, akapitia na kipande cha ngozi ya kiatu na misumari miwili. Mama alimpa mkungu wa ndizi na "ndaga fijo" nyingi, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Na mimi pia ni Hamna Shida

Nikiri jambo. Nina mgahawa mdogo Soweto hapa Mbeya, napeleka pia chakula cha mchana maofisini. Miaka miwili iliyopita mhasibu wa ofisi moja alinipigia, wana semina, wanataka sahani arobaini saa saba kamili. Masufuria yangu yanatosha ishirini na tano. Nikasema nini? Nikasema hamna shida. Wali wa awamu ya pili ulikuwa bado una moyo nilipoupakua, na nilifika saa nane kasoro dakika chache, watu wameshakunywa soda na karanga. Hakuna aliyenigombeza. Mhasibu alilipa yote, akasema asante dada. Hajapiga tena mpaka leo.

Mteja wa huku kwetu mara nyingi hapigi kelele, anahama kimya kimya, na wewe unabaki ukidhani mambo ni mazuri kwa kuwa hujasikia lalamiko. Siku hizi nina daftari pembeni ya jiko. Naandika idadi, saa, nani hali nyama, na ikizidi ishirini na tano nasema hapana au naomba niambiwe siku mbili kabla. Mara ya kwanza kusema hapana nilihisi nimefukuza riziki. Aliyeambiwa hapana alirudi wiki iliyofuata na oda ya ishirini.

Duka la fenicha

Duka nalitaja haraka kwa sababu halina mengi. Uzuri wake ni kwamba halikuahidi kitu: unakiona, unakikalia, unakichukua. Una risiti ya EFD, una mlango wa kurudia. Ubaya wake ni huo huo, kilichopo ndicho kilichopo. Nilimwambia yule dada habari za magoti, akanisikitikia kwa dhati kabisa, akanionyesha kitanda kile kile alichomwonyesha mteja aliyenitangulia. Atafanyaje, hana msumeno.

Angalia pia kimetengenezwa kwa nini. Vingi vya bei ya kati ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye sura ya mti. Kikikaa mahali pamoja kitakutumikia. Ukihama nyumba mara mbili, skrubu zinalegea kwenye matundu na hazishiki tena. Na "usafiri bure" uulize unaishia wapi. Niliambiwa unaishia Uyole, na kutoka Uyole mpaka kwa mama ni kilomita kama sitini za kona.

Uende kwa nani

Ikiwa kitu chenyewe kinagusana na mwili wa mtu, yaani mzee, mgonjwa, mtoto mwenye ulemavu, mwenye mgongo mbovu, tafuta fundi wa maswali hata kama utamfuata Mbalizi au Mafinga, na hata kama atakununia. Usikubali anayejibu kabla hujamaliza sentensi.

Ikiwa una tarehe isiyosogea, harusi, kuhamia nyumba, kufungua duka, na zimebaki chini ya wiki tatu, nenda dukani. Huna muda wa kumfundisha mtu kusikiliza. Kama una miezi miwili, mzee.

Ikiwa ni kitu cha kawaida tu, kigoda, benchi, kabati la vyombo la jikoni, na ukichelewa huumii, Hamna Shida anafaa, na pesa utaokoa. Lakini mbadilishie masharti. Usimpe keshi ya advansi. Nendeni wote wawili kununua mbao, lipa mwenyewe kwa muuzaji, ziandike jina kwa mkono wako. Ufundi mlipe kwa vipande, theluthi kazi ikishaungwa, iliyobaki ikiisha. Hapo hata akitaka kumtuliza baba mwenye kelele, ya kumtulizia hatakuwa nayo kutoka kwako.

Nina jaribio langu moja la kuwapima mafundi kabla sijatoa hata shilingi. Naomba jambo ambalo najua haliwezekani: "Kabati la milango mitatu, nitalipata keshokutwa?" Anayesema hapana ndiye naendelea kuongea naye. Nimelifanya kwa mafundi watano mpaka sasa, mmoja tu ndiye aliyecheka akaniambia, "Mama, hata shetani hawezi."

Na chochote mtakachokubaliana, kiache alama. Si lazima mkataba wenye mhuri. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata makubaliano ya mdomo yanabana, shida ni kuyathibitisha. Advansi ikiwepo, ilipe kwa simu, meseji itabaki na tarehe na kiasi. Kisha mtumie fundi ujumbe mfupi: vipimo, mbao, siku, kiasi kilichobaki. Na taja sababu, usitaje umbo peke yake. Andika "cha mama mwenye magoti mabovu, ainuke mwenyewe." Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kitu ni cha kazi gani na kuutegemea ujuzi wake, kikifika hakifai kwa kazi hiyo, una pa kusimamia hata mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi na "kifupi" yangu nisingekuwa na hoja, maana kifupi nilikipata. Karatasi nayo isikupe usingizi: soko la Sido hapa Mbeya lilipoungua Agosti 2017 viliungua vitu vingi, na daftari la fundi haliwezi kushindana na moto. Meseji iko kwako.

Mabenchi yangu

Nimeyapeleka kwa Hamna Shida, ndiyo, yule yule. Mzee aliniambia benchi la mgahawa halihitaji mikono yake, na bei aliyonitajia ilikuwa ya kunifukuza kwa heshima. Ni mabenchi sita. Mbao tulikwenda kununua pamoja, nimeziandika jina kwa chaki nyekundu kila moja, pande zote mbili. Kimo nimekichukua kwenye meza zangu mwenyewe, nikamkabidhi kijiti nilichokikata kwa urefu ule ule badala ya kumtajia inchi. Ahadi ni Jumatano.

Leo Jumatatu nimepita. Mawili yana miguu, manne bado ni mbao, na chaki yangu ipo. Kanivutia kile kigoda nikae, kaniulizia mama anaendeleaje na magoti, jambo ambalo hajawahi kuniuliza. Nikamuuliza kuhusu Jumatano. Akatazama yale manne, akatazama kijiti, akajikuna kichwa.

"Mama, Jumatano utapata manne. Mawili Ijumaa."